Somo: Kujiandaa kwa chemsha bongo ya televisheni, kuanzia kadi hadi kitufe

Wengi wanaoanguka kwenye chemsha bongo ya televisheni jibu walikuwa nalo. Lilikuwa ncha ya ulimi likagoma kutoka, au lilitoka, ila lilikuwa jibu la swali lingine. Ndiyo maana msomaji wa vitabu mia anaweza kubwagwa na mtu aliyesoma kumi lakini amejizoeza kuulizwa. Somo hili ni la mazoezi hayo: kipi cha kukariri, ukikariri vipi ili kitoke ndani ya sekunde mbili tatu, na wakati gani ukae kimya na pesa zako.

Vifaa ni vichache. Kadi tupu 600 zinazotosha kiganjani (au programu ya kadi kama Anki), masanduku matano ya kuzihifadhi, saa inayohesabu sekunde, kalamu ya kubonyeza, na daftari la makosa. Muda: dakika 45 kwa siku, wiki nane kwa uchache. Mwenye wiki mbili tu aruke hatua ya pili, atengeneze kadi za hatua ya tatu peke yake, kisha aende moja kwa moja kwenye hesabu ya hatua ya nane.

Hatua ya 1: Jua mchezo wako ni wa aina gani

Vipindi ni vingi ila aina ni tatu hivi, na kila aina huua kwa njia yake.

Kuna mchezo wa ngazi, kama Who Wants to Be a Millionaire?, ulioanza Uingereza mwaka 1998. Maswali 15, majibu manne ya kuchagua, na kila hatua pesa zinapanda. Humo kasi haina faida kubwa. Kinachoua ni tamaa na kutosoma swali hadi mwisho.

Kuna mchezo wa kitufe. Jeopardy! ya Marekani (tangu 1964) na University Challenge ya Uingereza (tangu 1962) ni za ukoo huu. Unalijua jibu, mwenzako pia analijua, anayepata ni mwenye kidole chepesi. Kosa lina adhabu: Jeopardy! hukukata thamani ya swali lenyewe, na University Challenge hukata pointi 5 ukimkatiza msomaji wa swali kisha ukakosea.

Kuna na mchezo wa saa, kama Mastermind ya BBC (tangu 1972), wa kujibu mengi kadiri iwezekanavyo kabla muda haujaisha. Piga hesabu: swali likichukua sekunde 6 kusomwa na jibu sekunde 2, dakika mbili ni maswali 15. Ukikwama sekunde 8 kwenye swali moja, umelipa swali zima. Humo hujifunzi kujibu tu, unajifunza kusema "pita" bila kusita.

Tafuta vipindi kumi vya mchezo wako, andika mada ya kila swali. Baada ya vipindi vinne hivi utaanza kuona mada zinazojirudia. Hizo ndizo za kuanza nazo.

Hatua ya 2: Jipime kabla ya kusoma chochote

Chukua maswali 100 ya mchanganyiko. Jibu kwa sauti, sekunde 5 kila moja, kisha gawa matokeo katika safu tatu: nililijua, nilikuwa nalo likagoma, sikulijua kabisa. Watu hukimbilia safu ya tatu kwa sababu inaumiza. Anza na ya pili. Jibu lililogoma tayari limo kichwani, linahitaji kuitwa mara nne au tano tu litoke bila kusukumwa. Jibu usilolijua kabisa hugharimu mara tatu ya hapo.

Hatua ya 3: Anza na orodha zenye mwisho

Maarifa ya jumla hayana mwisho, ila watunga maswali ni binadamu, nao hupenda orodha zenye mwisho kwa sababu jibu lake halina ubishi. Orodha ya namna hiyo ukishaimaliza, imeisha.

Alama za elementi zisizofanana na jina la Kiingereza ni 11 tu: dhahabu Au, fedha Ag, chuma Fe, shaba Cu, risasi Pb, bati Sn, zebaki Hg, sodiamu Na, potasiamu K, antimoni Sb na tangsteni W. Kadi 11, nusu saa ya kazi. Ongeza kwamba jedwali zima lina elementi 118.

Miji mikuu usiisome yote kwa uzito mmoja. Ufaransa na Paris haiulizwi kwenye pesa kubwa. Inayoulizwa ni ile ambayo mji maarufu siyo mji mkuu: Australia ni Canberra, Kanada ni Ottawa, Uturuki ni Ankara, Brazil ni Brasília (tangu 1960), Nigeria ni Abuja (tangu 1991), Uswisi ni Bern, Moroko ni Rabat, New Zealand ni Wellington, Kazakhstan ni Astana, Myanmar ni Naypyidaw, Côte d'Ivoire ni Yamoussoukro, Tanzania ni Dodoma. Kazakhstan iwekee alama nyekundu: kati ya 2019 na 2022 mji huo uliitwa Nur-Sultan, na maswali ya zamani bado yanazunguka.

Kombe la Dunia la wanaume: lilianza 1930 Uruguay, halikufanyika 1942 wala 1946. Brazil 5 (1958, 1962, 1970, 1994, 2002), Ujerumani na Italia 4 kila moja, Argentina 3. Olimpiki za kisasa zilianza 1896 Athens. Hazikufanyika 1916, 1940 na 1944. Za 2020 za Tokyo zilichezwa 2021 lakini zikabaki na jina la 2020. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mtego.

Nobel: zilianza 1901, ya uchumi ikaja 1969. Ya amani hutolewa Oslo, nyingine zote Stockholm. Marie Curie ana mbili, fizikia 1903 na kemia 1911. Albert Luthuli ni Mwafrika wa kwanza kupata ya amani (1960), Wole Soyinka ya fasihi 1986, Wangari Maathai ya amani 2004, Abdulrazak Gurnah ya fasihi 2021.

Bendera na mipaka zina vito vidogo: bendera ya Nepal siyo ya pembe nne, za Uswisi na Vatikani ni mraba, ya Paraguay ina nembo tofauti mbele na nyuma. Nchi zilizozungukwa na nchi moja tu ni Lesotho, San Marino na Vatikani. Nchi zisizo na bahari ambazo majirani zao wote nao hawana bahari ni mbili duniani: Liechtenstein na Uzbekistan.

Mwili wa binadamu, sayari, sarafu: fanya vivyo hivyo. Kila orodha isizidi kadi 25. Ikizidi, igawe.

Hatua ya 4: Andika kadi kwa upande utakaoulizwa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kadi iliyoandikwa "Marie Curie" mbele na maelezo mistari sita nyuma haifundishi kitu. Kwenye kipindi hakuna atakayekutajia Marie Curie akusubiri umweleze. Utatajiwa maelezo, utoe jina. Kwa hiyo mbele andika dokezo, nyuma jibu, na kila kadi jambo moja:

Mbele: Mtu wa kwanza kupata Nobel mara mbili. Nyuma: Marie Curie.
Mbele: Elementi iliyopewa jina la nchi aliyozaliwa Marie Curie. Nyuma: Poloniamu.

Mambo machache yanahitaji kadi ya kwenda na ya kurudi. Sarafu ni mojawapo: "forint ni ya nchi gani?" na "Hungaria hutumia sarafu gani?" ni milango miwili tofauti, na anayeingia kwa mmoja anaweza kupotea kwenye mwingine.

Ratiba ya masanduku, njia aliyoieneza Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970: sanduku la kwanza kila siku, la pili kila baada ya siku 2, la tatu siku 4, la nne siku 8, la tano siku 16. Ukijibu sawa ndani ya sekunde 3, kadi inapanda sanduku moja. Ukikosea, au ukapata kwa sekunde 10, inarudi la kwanza. Usijionee huruma kwenye hilo la sekunde 10. Jibu lililochelewa kwenye kitufe ni jibu la mwenzako.

Ongeza kadi 15 kwa siku, si zaidi. Baada ya mwezi utakuwa unapitia kadi 75 hadi 100 kila siku, ambazo kwa sekunde 6 kila moja ni dakika 10 hivi. Anayeongeza 50 kwa siku huonekana shujaa wiki ya kwanza. Wiki ya tatu anakuwa na kadi 300 za kupitia kwa siku na anaacha.

Hatua ya 5: Tarehe zifunge mbili mbili

Kukariri miaka 400 ni mateso. Kariri vigingi 20 hivi, kila kigingi ukifunge matukio mawili au matatu yasiyohusiana. 1869: Mfereji wa Suez unafunguliwa, Mendeleev anachapisha jedwali la elementi. 1912: Titanic inazama, China inakuwa jamhuri. 1953: Hillary na Tenzing wanafika kilele cha Everest, na umbo la DNA linachapishwa. 1957: Ghana inapata uhuru Machi, Sputnik inarushwa Oktoba. 1963: Tereshkova anakuwa mwanamke wa kwanza angani, OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) inaundwa Addis Ababa. 1989: Ukuta wa Berlin unaanguka.

Faida ya vigingi ni kukisia kwa akili. Ukiulizwa Mfereji wa Panama ulifunguliwa lini, huhitaji kuwa na kadi yake: unajua ni baada ya Suez, na ukikumbuka ulifunguliwa wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vinaanza, jibu ni 1914. Kati ya majibu manne, mara nyingi matatu hufa kwa kigingi kimoja.

Hatua ya 6: Jifunze mitego yenye ubishi

Maneno mawili ndani ya swali hubadilisha kila kitu: "kwa kipimo gani" na "lini".

Mlima mrefu kuliko yote kutoka usawa wa bahari ni Everest, mita 8,849. Kutoka kitako hadi kilele ni Mauna Kea, ambao sehemu kubwa imezama baharini. Kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia ni Chimborazo wa Ecuador, kwa sababu dunia imevimba kwenye ikweta. Milima mitatu, majibu matatu sahihi, tofauti ni neno moja.

Jangwa kubwa la joto ni Sahara. Jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktika, kwa kuwa jangwa hupimwa kwa uchache wa mvua na theluji, si kwa joto. Sayari iliyo karibu na jua ni Utaridi, lakini yenye joto kali zaidi ni Zuhura, kwa sababu ya hewa yake nzito ya kaboni dioksaidi inayonasa joto. Zuhura hiyohiyo hujizungusha mara moja kwa siku 243 za dunia na hulizunguka jua kwa siku 225, hivyo kujizungusha kwake mara moja huchukua muda mrefu kuliko mwaka wake. Ziwa kubwa la maji baridi ni Superior. Kiungo kikubwa cha mwili ni ngozi. Cha ndani ni ini.

Kuhusu "lini": mapema 2023 Mshtarii ilitajwa kuwa na miezi mingi kuliko sayari zote. Miezi michache baadaye Zohali ikaipita, na mwaka 2025 ikafika miezi 274. Kadi zote za "nyingi kuliko", "kubwa kuliko" na "wa mwisho" ziandikwe mwezi na mwaka pembeni, nazo zikaguliwe wiki moja kabla ya kurekodi.

Hatua ya 7: Kusoma swali na kubonyeza kitufe

Kwenye mchezo wa ngazi, soma swali kwa sauti, kisha majibu yote manne hata kama A inakupigia kelele. Maneno "isipokuwa", "kati ya hawa" na "wa kwanza" yakamate kwa kidole. Maswali matano ya mwanzo huangusha watu wenye akili nyingi kwa sababu wanatafuta ugumu usiokuwepo, au wamejibu kabla ya D kusomwa.

Na usisahau kichwa cha mada. Mwaka 2011 kompyuta ya IBM iitwayo Watson iliwashinda mabingwa Ken Jennings na Brad Rutter kwenye Jeopardy!, lakini katika swali moja la mwisho, mada ikiwa miji ya Marekani, iliandika Toronto. Jibu lilikuwa Chicago. Mashine yenye maarifa yale yote ilipuuza kichwa cha mada.

Kitufe sasa. Kwenye Jeopardy! vitufe vimefungwa hadi mtangazaji amalize kusoma. Taa za pembeni mwa ubao huwaka vikifunguliwa. Ukibonyeza mapema unafungiwa robo ya sekunde, na robo hiyo inamtosha mwenzako. Kwa hiyo ni kosa kubonyeza mara unapojua jibu. Amua ukiwa bado unasoma ubaoni kama unalijua, kisha sahau jibu na usikilize silabi ya mwisho ya mtangazaji. Zoezi: washa kipindi, simama, shika kalamu ya kubonyeza, bonyeza swali linapokwisha. Maswali 60 kwa siku, siku kumi. Mkono mmoja, dole gumba, kiwiko kikiwa kimeegemea. Mkono unaoning'inia huchoka na kuchelewa.

Kwenye mchezo unaoruhusu kukatiza, somo ni tofauti. Maswali hayo hujengwa kutoka dokezo gumu kwenda rahisi. Bonyeza pale unapobakiwa na jibu moja, si pale unapopata la kwanza.

Hatua ya 8: Hesabu ya kujibu au kuacha

Hii iwe kichwani kabla hujakaa kwenye kiti, kwa sababu ukishakaa hutaweza kuipiga. Chukua pesa ulizonazo, toa sakafu (kiasi utakachobaki nacho ukikosea). Gawa kwa pesa za hatua inayofuata ukitoa sakafu hiyohiyo. Unachopata ni uhakika wa chini unaohitaji ili kujibu kusiwe hasara.

Kwa ngazi ya awali ya Who Wants to Be a Millionaire? ya Uingereza, yenye sakafu za pauni 1,000 na 32,000:

16,000 kwenda 32,000: asilimia 48
32,000 kwenda 64,000: sifuri
64,000 kwenda 125,000: asilimia 34
125,000 kwenda 250,000: asilimia 43
250,000 kwenda 500,000: asilimia 47
500,000 kwenda 1,000,000: asilimia 48

Angalia mstari wa pili. Ukiwa na 32,000 kamili, huna cha kupoteza, kwa hiyo kuacha ni kutupa nafasi. Jibu hata kwa kubahatisha. Na angalia wa tatu: majibu mawili yakibaki, uhakika wako ni 50, kujibu kunalipa vizuri. Lakini kwenye nusu milioni, 50 dhidi ya 48 ni uzi mwembamba, na ukikosea umeacha 468,000 mezani. Hapo hesabu ikisema "jibu" na maisha yako yakisema "acha", sikiliza maisha.

Kama una mkopo au deni, panga kabla kiasi ambacho hutakihatarisha, ukiandike kwenye karatasi, umwachie mtu uliyekwenda naye.

Hatua ya 9: Siku ya kurekodi

Vipindi vingi hurekodiwa kadhaa kwa siku, Jeopardy! hurekodi vitano. Beba nguo za kubadilisha, zisizo na mistari myembamba wala miraba midogo (kamera huifanya icheze). Kula kidogo, kunywa maji. Usifungue kadi mpya siku hiyo. Pitia daftari la makosa tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nakariri kadi 40 usiku, asubuhi nusu zimeyeyuka. Kichwa changu kina shida?

Jibu: Hapana ndugu, kichwa kinafanya kazi yake. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Tatizo ni mawili: 40 ni nyingi, na pengine unasoma kadi badala ya kujiuliza. Ficha jibu, litamke kwa sauti, ndipo ugeuze. Zipitie mara ya kwanza kabla ya kulala na mara ya pili asubuhi, kisha ziache masanduku yafanye kazi.

Swali: Mkuu, umesema ziwa kubwa la maji baridi ni Superior. Mbona nimesoma ni Baikal?

Jibu: Umenikamata kwenye mtego wangu mwenyewe, nilipaswa kutaja kipimo. Kwa eneo ni Superior, kama kilomita za mraba 82,000. Kwa ujazo ni Baikal, ambalo ndilo pia lenye kina kirefu zaidi, mita 1,642. Ukiacha suala la maji baridi, Bahari ya Kaspi ndiyo inayohesabiwa kuwa ziwa kubwa kuliko yote. Andika kadi tatu.

Swali: Na mji mkuu wa Afrika Kusini niandike upi?

Jibu: Mitatu: Pretoria ya serikali, Cape Town ya bunge, Bloemfontein ya mahakama. Watunga maswali makini hutaja ni upi kati ya hiyo. Bolivia ina tatizo kama hilo: kikatiba ni Sucre, serikali inakaa La Paz.

Swali: Kwenye mchezo wa ngazi, misaada (kuuliza hadhira, kumpigia rafiki simu, nusu kwa nusu) nitumie kwa mpangilio gani? Nimeona watu wanaimaliza yote kabla ya swali la nane.

Jibu: Hadhira itumie mapema, katikati ya ngazi, kwenye muziki, michezo, vyakula, mambo ya watu wote. Asilimia zikitoka 70 kwa jibu moja, lifuate. Zikitoka 34, 30, 20, 16, hadhira haijui, inabahatisha kama wewe. Rafiki mbakishie maswali ya kitaalamu, na uandae watatu wa fani tofauti. Kwa kawaida una sekunde 30. Usianze na salamu wala usimwambie pesa ni kiasi gani. Soma swali, soma majibu, kisha uliza, "Una uhakika asilimia ngapi?" Swali na majibu manne huchukua sekunde 12 hadi 15, kwa hiyo muda alionao yeye ni mfupi kuliko unavyodhani. (John Carpenter, milionea wa kwanza wa Who Wants to Be a Millionaire? ya Marekani mwaka 1999, alimpigia baba yake kwenye swali la mwisho ili kumwambia tu kwamba anashinda. Mzaha mzuri, ila siyo mbinu.)

Swali: Nusu kwa nusu, msaada wa kuondoa majibu mawili yasiyo sahihi, je? Nasikia kila mara huacha yale mawili unayosita kati yake.

Jibu: Inategemea kanuni. Kama kompyuta huondoa mawili kwa kubahatisha, basi kati ya majibu matatu yasiyo sahihi hubaki moja, na uwezekano kwamba ni lile unalosita nalo ni moja kwa tatu tu. Maana yake, kama moja ya mawili yako ni sahihi, mara mbili kati ya tatu itakutatulia. Kama waandaaji ndio wanaochagua la kubakiza, watabakiza lile linalovutia, na msaada huo hautakufaa ukiwa umeshafika kwenye mawili. Soma kanuni za mashindano kabla ya kusaini, limo humo.

Swali: Wakuu, tuseme ukweli: washiriki hawapewi maswali kabla?

Jibu: Iliwahi kutokea. Marekani miaka ya 1950 kipindi cha Twenty-One kilikuwa kikiwapa washiriki majibu. Charles Van Doren alikiri mbele ya Bunge la nchi hiyo mwaka 1959, na mwaka 1960 sheria ikafanya kupanga matokeo ya chemsha bongo kuwa kosa. Tangu hapo vipindi vikubwa hutenganisha watunga maswali na washiriki kabisa. Ndiyo maana siku ya kurekodi huwezi hata kusalimiana na mtu wa kitengo cha maswali.

Swali: Mtangazaji akisema nimekosea na mimi najua niko sahihi?

Jibu: Usibishane kamera zikiwa zinazunguka. Subiri mapumziko, mwambie msimamizi wa washiriki, taja swali na sababu kwa sentensi moja. Waamuzi hukagua kwenye mapumziko na hurudisha pointi wakikuta kosa. Ukinyamaza hadi siku ya kurushwa hewani, kwa kawaida umechelewa.

Swali: Kwenye Jeopardy! raundi ya mwisho naweka dau kiasi gani? Mfano nina 18,000, wa pili ana 12,000.

Jibu: Wa pili akiweka zote atafika 24,000, kwa hiyo wewe weka 6,001 ufike 24,001. Ukijibu sawa hakuna wa kukupita. Kama una zaidi ya mara mbili yake, mfano 20,000 kwa 9,000, usizidishe 1,999; hata ukikosea utabaki na 18,001, naye mwisho wake ni 18,000.

Nyongeza ya mwanachama: Kwa aliye nafasi ya pili kwenye mfano huo wa kwanza: anayeongoza akiweka 6,001 akakosea anabaki na 11,999. Wewe mwenye 12,000 ukiweka sifuri umeshinda kwa 1, hata swali ukilikosa. Wengi huweka zote kwa mhemko, wanakosea pamoja na anayeongoza, na wanabaki na sifuri.

Swali: Jibu la mwisho huandikwa. Nikikosea herufi za jina la mtu?

Jibu: Kwenye Jeopardy! herufi zikikosewa hukubaliwa, mradi ukilisoma kwa sauti linabaki jina lilelile. Ukiongeza silabi au ukadondosha moja, wanakunyima. Jina la ukoo pekee linatosha, isipokuwa pale wanapokuwepo wawili wenye ukoo huo. Hapo utaombwa ufafanue. Andika kwa herufi kubwa kwa kalamu yao ile ya ubaoni, na anza na maneno ya "nani ni" au "nini ni" kabla swali halijasomwa (Jeopardy! hutaka jibu liwe na umbo la swali), wanaruhusu.